Mgonjwa wenu akitoka kupasuliwa mshipa mkuu, damu ndo ya kuilinda: tulivyofanya sie Tanga

Kama una mzazi au ndugu anakwenda kupasuliwa aota, yani ule mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo ukashuka mpaka tumboni, au katoka juzi na mko nae nyumbani Ngamiani, Makorora, Pongwe au hata Muheza huko, kaa usome hii taratibu hata kama ni ndefu. Mie si daktari, ni mtoto wa mgonjwa. Baba yangu aota yake ilikuwa imetuna pale inapoanzia kwenye moyo na valvu, ule mlango wa damu wa pale, ikawa haifungi vizuri, akapasuliwa Dar, wakakata kile kipande kilichotuna wakaunga bomba la kitambaa maalum pamoja na valvu ya chuma. Kidonda cha kifua kilifunga vizuri tu, hakikutusumbua. Kilichotukosesha usingizi mwaka mzima ni damu.

Nilichokuja kuelewa ni hiki, na ukikishika hiki mengine yote yatakuingia: damu ya mtu aliyefanyiwa operesheni hii inapita kwenye uchochoro mwembamba, upande mmoja kuvuja, upande wa pili kuganda, na karibu kila dawa inayomtoa upande huu inamsukumia upande ule. Kwahiyo kazi yenu nyie mnaouguza sio kuzuia kuvuja tu kama watu wanavyodhani wakiona bandeji, kazi yenu ni kumuweka katikati.

Kabla hamjapanda basi pale stendi ya Kange

Anzeni na watu wa kutoa damu. Operesheni za moyo zinafanyika hapa hapa nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ipo tangu 2015, lakini damu haitengenezwi kiwandani, inatoka kwa watu, na operesheni ya aota inaweza kula chupa nyingi kwa siku moja. Hospitali itawaomba ndugu wachangie na mkifika hamna mtu mtaanza kupigiana simu usiku. Mtoaji awe na miaka 18 mpaka 65, uzito kilo 50 kwenda juu, mwanaume anatoa kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4, na chupa moja ni kama mililita 450. Grupu lake sio lazima lifanane na la mgonjwa, maana mnarudisha kwenye benki ya damu, mgonjwa atapewa inayomfaa.

Sasa hapa kuna kitu wengi hawakijui. Chupa moja ya damu inagawanywa, chembe nyekundu peke yake, plazma peke yake, na chembe sahani ambazo ndo zinaziba tundu mshipa ukikatika. Chembe nyekundu kwenye friji zinakaa wiki 5 mpaka 6, plazma ikigandishwa inakaa hata mwaka, lakini chembe sahani zinakaa siku 5 tu basi. Na mtu wa aota hizo ndo anaweza kuzihitaji sana. Kwahiyo msipeleke ukoo wote siku moja wiki tatu kabla mkadhani mmemaliza, waacheni wengine karibu na siku ya operesheni, sie tuliwaweka wapwa zangu wawili wa Mbagala wakae tayari na kweli waliitwa. Na damu haiuzwi. Mtu akikwambia nipe hela nikutafutie chupa, achana nae nenda dirisha la benki ya damu uulize.

Alafu kuna maswali ya daktari ambayo majibu yake mnayo nyie nyumbani. Kama mzee anakunywa aspirini au klopidogreli, ambazo nazo zinazuia damu kuganda, semeni, asiache mwenyewe, aseme. Kama akikatwa na kisu damu inachelewa kukata, au kuna ndugu wa hivyo, semeni. Miti shamba yote anayotumia, semeni, hata ile ya siri. Na kama ana aleji ya samaki pia semeni, hili lilinishangaza na sie watu wa pwani, kumbe kuna dawa inaitwa protamini ambayo asili yake ni samaki, samoni, na wanaitumia kwenye operesheni, nitaieleza sasa hivi.

Kinachotokea kule ndani

Wakati wanakata aota moyo unasimamishwa, damu inapitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Damu ikigusa mipira na plastiki inataka kuganda, ndo maana wanampa heparini nyingi isigande, wakimaliza wanampa hiyo protamini kuifuta heparini. Kama kipande kinachobadilishwa kiko kwenye upinde wa aota, pale inapotoa mishipa ya kichwani, mara nyingi wanampoza mwili, wakati mwingine mpaka nyuzi 20 na kitu, ili ubongo usidhurike mzunguko ukisimama. Damu ya baridi haigandi vizuri. Chembe sahani nazo zinachoka na kupungua kwenye ile mashine, na mishono ni mirefu kwenye mshipa wenye presha kubwa kuliko yote mwilini. Ukijumlisha hayo utaona kwa nini saa 24 za kwanza hofu kubwa ni kuvuja, na wala haimaanishi mtu kakosea kushona.

ICU na wodini, nini cha kuangalia

Baba alitoka na mirija miwili kifuani inashuka mpaka kwenye chombo chini ya kitanda. Nesi alibandika utepe mweupe ubavuni mwa kile chombo na kila saa alikuwa anainama, anachora mstari kwa kalamu pale damu ilipofikia, anaandika saa pembeni. Nilisimama nikatazama ile mistari. Ya kwanza ilikuwa imeachana kama upana wa kidole, kadiri usiku unavyokwenda ikawa inasogeleana, mpaka alfajiri imekaribiana kama mistari ya daftari, na rangi imetoka kwenye nyekundu nzito ikawa ya maji maji. Ndo inavyotakiwa.

Isipokuwa hivyo, mfano inatoka zaidi ya mililita 200 kila saa na saa zinapita, madaktari wanaanza kufikiria kumrudisha theatre wakaangalie panapovuja. Msipige kelele wakiwaambia anarudi, wanaorudishwa mapema wanapona vizuri kuliko anayeachwa anavuja. Na kitu cha hatari zaidi ambacho mtu asiyejua anakifurahia, ni mrija uliokuwa unatoa damu nyingi kukata ghafla wakati presha inashuka na mapigo yanakwenda mbio. Hapo damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mrija na inajaa kuuzunguka moyo, inaubana. Ukiona hivyo mwite nesi hapo hapo.

Kuhusu kuongezewa damu, ugomvi mkubwa wa ndugu ni "mbona damu iko 8 na hawamuongezei?" Shangazi yangu aliliongea hili mpaka kwenye grupu la ukoo. Hospitali nyingi siku hizi zinasubiri hiyo himoglobini, yani kipimo cha wingi wa damu, ifike kama 7 au 8, zinamuangalia na mgonjwa mwenyewe yukoje, kwa sababu kila chupa ina faida na ina madhara yake, inaweza kuleta homa, aleji, maji kwenye mapafu, na chupa moja kwa kawaida inapandisha kama pointi 1 tu. Akiwekewa, hakikisheni nesi kasoma jina na grupu kwenye chupa na kwenye mkanda wa mgonjwa, alafu dakika 15 za kwanza mmoja wenu asitoke pale. Akianza kutetemeka, kuwashwa, kuumwa kiuno, kifua kubana au mkojo kuwa mweusi, semeni hapo hapo ili isimamishwe, msisubiri iishe eti isipotee.

Na siku ya 5 mpaka ya 10, wakati kila mtu kashaanza kufurahi, kuna jambo linaloitwa aleji ya heparini. Chembe sahani za kawaida ni elfu 150 mpaka 450. Baada ya operesheni zinashuka, hiyo ni kawaida, alafu zinaanza kupanda. Zikishuka kwa mara ya pili, hasa zikipungua nusu au zaidi, daktari anatakiwa ajiulize kama ni heparini. La ajabu mtu huyu badala ya kuvuja ndo anaganda, mguu unavimba, kifua kinabana, au kidole kinakuwa cheusi. Heparini yote inasimamishwa, hata ile ya kusafishia mpira wa dripu, anapewa dawa nyingine. Nyie mnachoweza kufanya ni kuuliza kila siku "chembe sahani leo ngapi?" na kuandika. Sie tulinunua kauntabuku, ukurasa mmoja siku moja, tarehe, wingi wa damu, chembe sahani, presha. Daktari mmoja wa zamu mpya alikuja akaliomba lile daftari asome kabla hajafungua faili.

Kama operesheni ilikuwa ya aota ya kifuani kwa nyuma au inayoshuka tumboni, akiamka muombeni achezeshe vidole vya miguu, na rudieni siku zinazofuata, maana uti wa mgongo unapata damu yake kutoka huko na presha ikishuka sana miguu inaweza kulegea hata siku kadhaa baadae. Ikigundulika mapema kuna la kufanya.

Kurudi Tanga

Msiondoke Dar kabla hamjajua mambo mawili: anakunywa dawa gani ya kuzuia damu kuganda na kwa muda gani, na kwa Tanga kipimo cha INR, kile cha kuangalia damu inachukua muda gani kuganda, mtapimia wapi. Pigeni simu kabisa muulize kama mashine inafanya kazi na vitendanishi vipo. Safari ni kilomita 350 hivi, mwekeni siti ya mbele, anywe maji, na basi likisimama Chalinze na Segera ashuke atembee kidogo, na akiwa amekaa awe anapandisha na kushusha nyayo. Mtu aliyepasuliwa akikaa saa sita miguu inaning'inia damu inaganda kwenye shavu la mguu.

Sio kila aliyefanyiwa aota anakunywa wafarini, kile kidonge cha kuzuia damu kuganda. Bomba la kitambaa peke yake kwa kawaida halihitaji, wengi wao wanapewa aspirini. Mwenye valvu ya mnyama anaweza kupewa kwa miezi michache. Mwenye valvu ya chuma ni maisha yake yote. Kwahiyo usimpe mgonjwa wako dawa kwa kuwa jirani anakunywa, na usimwachishe kwa kuwa jirani kaachishwa.

Wafarini, hapa ndo pana maneno

INR inaonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Mtu wa kawaida ni kama 1. Mwenye valvu ya chuma ya aota mara nyingi wanataka iwe kati ya 2 na 3, lakini fuateni ile daktari wenu aliyoandika. Chini ya hapo valvu inaweza kushika bonge la damu, bonge likichomoka linakwenda kichwani, kiharusi. Juu sana anavuja. Sie tulifika pande zote mbili.

Ya kwanza, mpwa wangu aliisoma kwenye simu kwamba wafarini ni sumu ya panya akamwambia babu yake. Na sio uongo, 1948 ilianza kuuzwa Marekani kwa ajili ya panya, 1954 ndo ikaruhusiwa kwa watu. Baba hakubishana na mtu. Alikuwa anapokea kidonge, anaweka mdomoni, nikigeuka anakitema. Nilivikuta vitano chini ya mkeka wa kuswalia, vimelainika na kukauka tena. Tulipopima INR ilikuwa 1.3. Akarudishwa kwenye sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda mpaka INR ipande. Aliyemrudisha kwenye dawa ni nesi mmoja mama mtu mzima, alikaa nae kitandani akamwambia, "Baba yangu, panya anapewa bila kipimo mpaka avuje afe. Wewe tunakupimia kila wiki ili damu ipite isigande kwenye chuma chako. Hata chumvi mtu akila kilo inamuua, na mchuzi bila chumvi haupiti." Baba akanyamaza kidogo akasema, "Haya, nipe na maji." Tangu siku hiyo anakinywa mbele yangu, saa mbili usiku baada ya Isha, na mimi naweka tiki kwenye daftari. Kwahiyo waelezeni wazee mapema dawa ni nini na asili yake ni nini, kabla hawajaambiwa na mwingine vibaya.

Ya pili iliniuma zaidi maana ilikuwa nia njema. Baba aliumwa jino, mdogo wangu akaenda duka la dawa, akauziwa diklofenaki, amoksisilini na flajili, ile paketi ambayo kila mtu wa jino anapewa. Hakuulizwa mgonjwa anatumia nini na yeye hakusema. Siku ya nne asubuhi baba anapiga mswaki, nikaona maji kwenye karai yana wekundu, mate ya pili mekundu zaidi, na mkononi pale alipokuwa amefungwa kipimo cha presha pana vidoa vya zambarau. Tukapanda bajaji. INR 7.2. Flajili inaipandisha wafarini sana, na diklofenaki inachubua tumbo na kuzidhoofisha chembe sahani, yani vilikutana vitu viwili juu ya mtu mmoja. Daktari alisimamisha wafarini, akampa vitamini K kidogo sana, nikamuuliza kwa nini kidogo hivyo, akasema tukimpa nyingi damu itaganda kwenye valvu. Ule uchochoro niliousema, ndo huo.

Basi andikeni na bandikeni ukutani dawa za kuogopa. Za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu na aspirini ambayo hakuandikiwa, hapana. Parasetamo ndo ya kutumia, ila nayo ikiwa ni nyingi kila siku kwa siku nyingi inapandisha INR, semeni. Flajili, septrini, flukonazo, eritromaisini zinapandisha. Dawa ya TB rifampisini inashusha sana. Na hii sipro, yani siprofloksasini, naiweka peke yake: inapandisha INR, na zaidi ya hapo Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba familia hiyo ya antibayotiki inaongeza hatari ya aota kuchanika au kupasuka kwa watu wenye tatizo hilo. Mtu wa aota asiuziwe sipro kirahisi dukani, daktari mwenye kujua historia yake ndo aamue. Sio kwamba dawa hizi zote ni marufuku daima, akiwa na ugonjwa unaozihitaji atapewa na INR itapimwa ndani ya siku chache.

Sindano za misuli, ile ya makalio ambayo wazee wetu wanaipenda, akiwa kwenye wafarini inaweza kuvujia ndani ikaacha uvimbe mkubwa, ombeni vidonge au ya mshipani. Kuumikwa, chuku, hijama, kuchanjwa chale, hapana kabisa, na hapa kwetu itabidi muwe wakali maana watu wanakuja na mapenzi yao. Akitaka kung'oa jino asiache wafarini mwenyewe, daktari wa meno aambiwe na INR ipimwe kabla.

Mwezi wa Ramadhani ongeeni na daktari kabla ya kufunga. Kidonge kinaweza kunywewa baada ya futari saa ile ile kila siku, lakini chakula kikibadilika na maji yakipungua INR inayumba, pimeni mwanzoni mwa mwezi. Akisahau dozi akakumbuka usiku ule ule anywe, akikumbuka kesho yake aache, anywe ya kesho peke yake, asifidie kwa kunywa mbili. Na someni miligramu kwenye boksi kila mkinunua, msifuate rangi ya kidonge maana kampuni zinatofautiana.

Mboga

Utaambiwa asile mboga za majani. Hii wanaisema hata watu waliosoma. Kisamvu, mchicha, matembele, majani ya maboga vina vitamini K inayopingana na wafarini, ni kweli, lakini dawa inapangwa kufuata mtu anavyokula. Akila bakuli dogo la mchicha karibu kila siku, dozi itapangwa juu ya huo mchicha. Ubaya ni wiki nzima hali jani alafu Jumapili analetewa sufuria ya kisamvu cha nazi anamaliza. Baba anapewa upawa mmoja wa mboga kila mchana, upawa ule ule. Unga wa mlonge nao ni majani, uhesabuni. Vidonge vya kitunguu saumu na mchanganyiko wa miti shamba asipewe, kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina shida.

Damu ikiwa pungufu baada ya operesheni, na wengi wanatoka nayo pungufu, chembe nyekundu zinaishi siku kama 120 kwahiyo kujaza kunachukua miezi. Dagaa, maharage, nyama, maini kidogo kidogo. Wageni wataleta bitiruti na rozela kwa ndoo, chuma iliyomo ni ndogo ukilinganisha na dagaa, na bitiruti inaweza kumfanya akojoe wekundu mkakimbia hospitali bure. Vidonge vya chuma asinywe na chai. Navyo vinafanya choo kuwa cheusi, sasa tofautisheni: cha vidonge ni cheusi cha kijani kijani na kimeshikana kawaida, cha damu ni cheusi kinang'aa kama lami, kinanata na harufu yake nzito huwezi kuisahau. Mkiwa na shaka nendeni.

Dalili za kukimbia nazo, usiku au mchana

Upande wa kuvuja: choo cha lami, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokata ndani ya dakika 10 za kubana, kichwa kuuma ghafla kuliko siku zote, au kaanguka akagonga kichwa, hata kama anaongea vizuri. Maumivu makali ya ghafla ya kifua, mgongo au tumbo usiyape jina la gesi kwa mtu wa aota.

Upande wa kuganda: mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kutoka ovyo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Kuhema ghafla. Mguu kuwa wa baridi, mweupe, unauma na ganzi, huu una saa chache tu kabla haujafa, msiukande kwa maji moto. Na kwa mwenye valvu ya chuma, sikilizeni. Usiku umeme ukikatika feni ikazima, chumba kizima tunaisikia ya baba, ti, ti, ti, kama saa ya ukutani. Ule mlio ukififia au ukizibwa, valvu inaweza kuwa imeshika bonge, ondokeni usiku huo huo.

Walioshonewa bomba tumboni wana moja la ziada, na hili linaweza kuja hata miaka baadae: bomba linaweza kusuguana na utumbo mpaka pakatoboka. Kabla ya damu kubwa mara nyingi inatangulia ndogo, anatapika damu kidogo au choo cheusi mara moja, inakata, mnamshukuru Mungu mnalala. Msilale. Mwambieni daktari neno kwa neno kwamba huyu ana bomba la aota tumboni. Na katika siku za mwanzo baada ya operesheni ya tumbo, kuharisha damu ni dalili kwamba utumbo unakosa damu, sio chakula cha hospitali.

Mkifika mapokezi, hospitali ya Bombo au popote, daktari wa zamu hamjui mgonjwa wenu na hana muda wa hadithi. Baba ana karatasi, nimeipiga lamineti, inakaa mfuko wa kanzu na nyingine nyuma ya simu yake. Imeandikwa: "Nimepasuliwa aota, mwezi fulani na mwaka fulani. Nina bomba na valvu ya chuma. Natumia wafarini, miligramu kadhaa, saa mbili usiku. INR yangu iwe 2 mpaka 3, ya mwisho ilikuwa ngapi, tarehe ngapi. Nisichomwe sindano ya msuli. Nisipewe diklofenaki wala sipro bila kuuliza." Chini namba ya simu yangu na ya kaka. Ile sehemu ya INR ya mwisho sikuiandika kwa kalamu, nimebandika juu yake kipande cha utepe mweupe, kila tukitoka kupima nakibandua naweka kingine.